Kuibakisha Theluji Mahali Pake: Shajara ya Mradi wa Matuta ya Majira ya Baridi, Saint Paul, Minnesota

Oktoba, wiki ya mwisho

Shajara hii inaandika maendeleo ya mradi mdogo unaofanyika katika bustani ya pamoja tunayoilima hapa Saint Paul, familia za Wakenya, Wakongo na Watanzania pamoja na majirani zetu waliozaliwa hapahapa. Tunataka kujua ni kwa kiasi gani theluji inayolala juu ya ardhi huilinda mimea tunayoiacha nje kuanzia Novemba hadi Aprili. Wengi wetu tulihamia Minnesota tukiamini kwamba theluji ndiyo inayoua mimea, kwa kuwa ndiyo inayoonekana, na imani hiyo huwafanya watu waikwangue matutani kwa beleshi kila inapoanguka, wakidhani wanaiokoa mimea yao. Mradi unasimama juu ya hoja iliyo kinyume: kinachoua ni baridi ya hewa inapoikuta ardhi ikiwa wazi, na mkulima anayetaka mimea yake ya kudumu ifike Mei ikiwa hai hana budi kujifunza kuibakisha theluji pale ilipoanguka.

Sababu ya kuuanza ni tofauti kubwa iliyojitokeza kati ya misimu miwili iliyofuatana. Msimu wa 2022–23 ulizipa Minneapolis na Saint Paul theluji ya sentimita 229 kwa jumla, kiasi kinachoshika nafasi ya tatu katika kumbukumbu zote za hapa, na stroberi zetu zilitoka chini yake zikiwa na majani ya kijani. Msimu wa 2023–24 ulikuwa wenye joto kuliko mwingine wowote katika kumbukumbu hizo, ardhi ikakaa wazi kwa sehemu kubwa ya Desemba na Februari, na baridi kali ilipoingia katikati ya Januari ilikuta theluji kidogo mno. Msimu huo wenye joto ndio uliotuachia mapengo mengi zaidi katika matuta ya stroberi, na jambo hilo liliwashangaza hata wenzetu wenye uzoefu wa miaka mingi.

Jinsi theluji inavyofanya kazi yake ni rahisi kueleza. Theluji mpya iliyoanguka bila upepo ina hewa zaidi ya sehemu tisa katika kumi ya ujazo wake, na hewa iliyonaswa kati ya chembe zake haipitishi joto kwa wepesi, kama vile manyoya ya kuku anayejivimbisha alfajiri ya baridi. Joto linalohifadhiwa halitoki kwenye theluji yenyewe bali kwenye ardhi, ambayo imekuwa ikilikusanya tangu Juni na sasa inalitoa polepole kwenda juu. Theluji inapokaa muda mrefu hushindiliwa, hewa yake hupungua, na uwezo wake wa kuzuia joto lisipotee hushuka. Ikiyeyuka na kuganda tena kuwa barafu ngumu, uwezo huo hubaki kidogo sana. Kwa hiyo kimo cha theluji peke yake hakitoshi kutuambia lolote. Sentimita 20 za theluji laini huweza kuifanya ardhi iliyo chini ibaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali kimo hichohicho cha theluji kuukuu iliyoloa na kukanyagwa hakiwezi kufanya hivyo. Mwanazuoni wa Kirusi Alexander Formozov aliandika kwa kina mwaka 1946 kuhusu theluji kama mazingira ya kuishi, na baadaye mwanaikolojia William Pruitt akakitambua kimo hicho cha takriban sentimita 20 za theluji laini kuwa mpaka ambao, ukishavukwa, maisha ya chini ya theluji hutengana na hali ya hewa ya juu.

Matuta manne yamepandwa sawasawa: stroberi, vitunguu saumu, na maua ya kudumu aina ya heukera, ambayo mizizi yake haiendi chini sana. Tuta la kwanza litaachwa lipokee kinachoanguka. La pili litaondolewa theluji kila inapoanguka, kwa uangalifu ili beleshi lisiguse mimea. La tatu litafunikwa kwa matandazo ya mabua makavu ya ngano. La nne limewekewa uzio wa matawi upande wa kaskazini-magharibi, unakotoka upepo mkali wa hapa. Tumeuacha uwe na nafasi nyingi kati ya tawi na tawi, kwa sababu uzio unaopitisha sehemu ya upepo huupunguzia mwendo na kuufanya uiangushe theluji nyuma yake, wakati ukuta usio na tundu huuzungusha upepo na kuikusanya theluji isipotakiwa. Kila tuta lina kipimajoto kilichofukiwa kwenye kina cha shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa stroberi unapokaa wakati wa baridi.

Jambo moja linastahili kuandikwa kabla hatujaendelea. Ramani ya kanda za ustahimilivu wa mimea iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2023, ambayo kila muuza miche wa hapa huitumia, imejengwa juu ya wastani wa baridi kali kabisa ya kila mwaka kati ya 1991 na 2020. Hiyo ni baridi ya hewa. Ramani haisemi lolote kuhusu theluji, na mmea mfupi unaolala chini ya theluji hauishi katika kanda ileile na mti uliosimama kando yake.

Novemba, katikati

Vitunguu saumu vimekwishatoa mizizi, na hatutaki viote zaidi ya hapo. Vitunguu hivi huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi ili baadaye vigawanyike kuwa punje, na hali hiyo huipata vizuri chini ya theluji, ambako joto husimama karibu na sifuri bila kupanda wala kushuka sana. Ngano inayopandwa vuli ina hitaji la namna hiyohiyo kabla ya kutoa masuke.

Matandazo ya tuta la tatu yamewekwa wiki hii, wala si mapema zaidi. Mwenzetu mmoja alitaka tuyaweke Oktoba, siku ya sakitu ya kwanza, na hoja yake ilijadiliwa kwa heshima, lakini stroberi inahitaji kuonja ubaridi wa polepole ili ijiandae: hupunguza maji katika seli zake, huongeza sukari, na hatua kwa hatua hupata uwezo wa kustahimili kuganda. Mmea uliofunikwa mapema unabaki mlegevu, na matandazo yanaweza pia kuuozesha. Tulisubiri mpaka udongo ukashuka karibu nyuzi 4, majani yakaanza kulala chini, ndipo tukatandaza. Shingo ya stroberi huanza kuumia inapofikia karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, kiwango ambacho hewa ya hapa hukivuka mara nyingi kila mwaka. Kwa hiyo stroberi ya Minnesota haiwezi kuishi bila kitu juu yake, kiwe theluji au mabua.

Ndugu yetu anayetoka Moshi alikumbusha katika mkutano wa Jumamosi kwamba kule juu ya Kilimanjaro, ambako kila usiku kuna baridi ya kugandisha na kila mchana jua kali, mmea mkubwa uitwao kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari hauangushi majani yake makavu bali huyaacha yakilifunika shina pande zote. Mmea huo umejitandazia wenyewe. Nimeona vema kuliandika hapa, kwa sababu baada ya maelezo yake watu wachache waliokuwa wakisitasita walianza kukusanya majani ya miti badala ya kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe na gari la jiji.

Desemba, wiki ya kwanza

Theluji ya kwanza ya kukaa imeanguka, laini na bila upepo, ikifika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Tofauti kati ya matuta imeonekana usiku wa kwanza tu. Udongo wa tuta la kwanza na wa la nne umebaki karibu na sifuri. Tuta la tatu lina joto zaidi kidogo. Tuta la pili, lililokwanguliwa, limeifuata hewa na kushuka nayo, likipanda mchana na kushuka tena usiku. Katika vipimo vyote vya wiki, kilichotuvutia zaidi ni utulivu. Mstari wa tuta la kwanza karibu umenyooka, na mstari wa tuta la pili unapanda na kushuka bila kupumzika.

Sukuma wiki iliyobaki kwenye kona ya mashariki ilifunikwa na theluji hiyo na bado inachumwa. Mama mmoja aliyekulia Bukavu alifukua majani kwa mkono, akayaonja, akasema yamekuwa matamu kuliko yale ya Septemba, na yuko sahihi: mboga za jamii hii huongeza sukari katika majani yake zinapopata baridi, na theluji huyakinga majani yasipigwe na upepo mkavu. Hatutarajii zifike Januari, lakini wiki hizi za nyongeza ni riziki ambayo wengi hawakujua kwamba ipo.

Desemba, mwishoni

Wiki hii imekuwa mbaya kwa mradi, na yenye mafunzo mengi. Joto lilipanda juu ya sifuri, mvua ikanyesha juu ya theluji, na usiku uliofuata kila kitu kikaganda. Tuta la kwanza limebaki na tabaka jembamba la barafu ngumu. Tuta la nne, ambalo uzio ulikuwa umelikusanyia theluji nene zaidi, limebaki na theluji chini na ganda la barafu juu. Tuta la tatu limelowa lakini mabua bado yana hewa ndani yake.

Barafu na theluji hazifanyi kazi moja. Barafu hupitisha joto kwa wepesi, hivyo haiukingi udongo. Zaidi ya hapo, huziba. Mmea uliolala haujafa, unaendelea kupumua kidogokidogo, na ukifungiwa chini ya barafu isiyopitisha hewa, kaboni dayoksaidi na mabaki mengine ya upumuaji huanza kujilimbikiza na kuutia sumu. Wafugaji wa kaskazini wanaolima lusani kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa huiogopa hali hii kuliko baridi yenyewe, na huacha mabua marefu yakisimama baada ya ukataji wa mwisho ili yachomoze juu ya barafu na kuacha njia ya hewa. Kwetu tumeamua kutoivunja barafu ya tuta la kwanza, kwa sababu kuivunja kungezikata shingo za stroberi zilizoshikamana nayo.

Januari, wiki ya tatu

Baridi kubwa imefika ardhi ikiwa karibu tupu. Hewa ilishuka hadi karibu nyuzi 28 chini ya sifuri kwa usiku kadhaa mfululizo, jambo lisilo geni kwa eneo hili, lakini safari hii hapakuwa na theluji ya kuipokea. Tuta la pili lilivuka kile kiwango cha nyuzi 9 chini ya sifuri usiku wa kwanza na likaendelea kushuka. Tuta la kwanza lilichelewa kidogo kisha nalo likavuka. Tuta la nne lilikaribia kiwango hicho bila kukivuka kwa muda mrefu. Tuta la tatu halikukikaribia.

Ardhi inapoachwa wazi baridi huenda mbali sana chini. Sheria za ujenzi za Minnesota hutaka misingi ya nyumba ichimbwe angalau sentimita 107 kusini mwa jimbo na sentimita 152 kaskazini, ili barafu ya udongoni isiinyanyue; anayetaka kuelewa nguvu inayoikabili mizizi ya stroberi na aanzie hapo. Mizizi ndiyo sehemu dhaifu ya mmea. Matawi ya mtufaha yanaweza kustahimili baridi ambayo ingeiua mizizi ya mti huohuo mara kadhaa, na mti hupona kila mwaka kwa sababu udongo wenye theluji juu yake hauifikishi baridi hiyo chini. Ndiyo maana pia mimea ya vyunguni hufa hapa hata ikiwa ya aina sugu: chungu kimezungukwa na hewa pande zote. Vyungu vyetu tumevikusanya kwenye kona ya ukuta, tumevilaza, tumevifukia kwa majani makavu, kisha tukavimwagia theluji iliyotoka kwenye vijia vya bustani, ambavyo havijapata chumvi hata siku moja.

Katika tuta la pili heukera zimeanza kunyanyuka. Jua la mchana huyeyusha sentimita chache za juu, usiku hugandisha tena, na maji yanayovutwa kutoka chini huganda kwa matabaka membamba yanayouinua udongo pamoja na mmea. Mmea ukishainuka, udongo huporomoka chini yake na hauruhusu urudi. Mizizi hubaki hewani, ikikaushwa na upepo. Uharibifu huu hauhitaji baridi kali, unahitaji tu kuganda na kuyeyuka kwingi, na ndiyo kazi ya theluji ambayo watu huitambua kwa nadra zaidi: hata inapokuwa nyembamba mno kuzuia baridi, weupe wake hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga wa jua, hadi karibu sehemu tisa katika kumi ikiwa mpya, na kuizuia ardhi isiyeyuke mchana.

Tuta letu la pili lina kaka yake mkubwa. Katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, watafiti waliikwangua theluji kwa mabeleshi katika vipande vya msitu mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kuiga majira ya baridi yenye theluji kidogo. Udongo uliganda kwa kina zaidi, mizizi membamba ya miti ikafa kwa wingi, na nitrojeni ambayo mizizi hiyo ingeinyonya ikachukuliwa na maji. Matokeo hayo yamenikaa moyoni tangu nilipoyasoma, kwa sababu yanaonyesha kwamba dunia yenye joto zaidi inaweza kuwa na udongo wenye baridi zaidi, na sisi wakulima wa matuta madogo tutakutana na jambo hilo kabla ya wengine.

Wakulima wa ngano wa Saskatchewan, nchini Kanada, walilielewa tatizo hili kwa njia ya kazi. Ngano inayopandwa vuli ilikuwa ikifa kwenye nyanda zile zenye upepo, hata aina ngumu kama Norstar iliyotolewa Lethbridge, katika jimbo jirani la Alberta, mwaka 1977, mpaka walipoanza kuipanda moja kwa moja kati ya mabua yaliyosimama ya mavuno yaliyotangulia, bila kulima. Mabua hunasa theluji isipeperushwe, na takriban sentimita 10 za theluji iliyonaswa hivyo hutosha kuivusha ngano kwenye baridi ambayo ingeiua kwenye shamba tupu. Mwakani tutaacha mabua ya mahindi yakisimama upande wa upepo badala ya kuyang'oa Oktoba.

Februari, katikati

Theluji imerudi, nyingi na laini, na matuta yote isipokuwa la pili yamefunikwa vizuri. Udongo wa tuta la kwanza umeanza kupata joto ingawa hewa bado ni ya baridi kali, kwa sababu joto la chini linapanda na halipati tena njia ya kutoka. Faida hiyo imekuja baada ya madhara kutokea, na hili ndilo ninalotaka wenzangu walizingatie wanapohesabu theluji ya msimu mzima: sentimita nyingi za Februari hazifuti wiki moja ya Januari iliyokuwa tupu.

Theluji hii imeleta pia wageni. Kuna panya wadogo wa nyasini, wenye mkia mfupi, wanaoishi majira yote ya baridi katika ile nafasi ya joto kati ya udongo na theluji, wakichimba njia zao bila kuonekana na bundi wala mbweha. Kinachoihifadhi stroberi kinawahifadhi na wao. Wakikosa mbegu na nyasi huguguna gome la mti mchanga kuzunguka shina zima, na mti uliogugunwa hivyo hauna njia ya kuteremsha chakula kwenye mizizi. Hufa polepole mwezi Juni, wakati mwenye mti amekwishasahau habari za theluji. Mitufaha yetu imevishwa waya wa matundu madogo uliofukiwa sentimita kadhaa chini ya udongo tangu vuli, na wiki hii tumeishindilia theluji kwa miguu kuzunguka kila shina, kwani panya hawa hawapendi kuchimba kwenye theluji ngumu. Sungura nao wanaitumia theluji kama ngazi. Waya uliofika kiunoni mwezi Novemba sasa unafika gotini, na tumelazimika kuongeza kipande kingine juu yake.

Machi, wiki ya pili

Theluji ya Machi ni nzito. Inaanguka joto likiwa karibu na sifuri, imejaa maji, na inashika kila tawi. Miti ya thuja iliyo kando ya lango, ambayo haipukutishi majani wakati wa baridi, imepinda mpaka vilele vikagusa ardhi. Maelekezo tuliyoyabandika langoni ni haya: theluji mbichi isukumwe kutoka chini kwenda juu kwa ufagio, taratibu, na tawi lenye barafu liachwe lilivyo, kwa sababu tawi lililoganda huvunjika kwa kutikiswa. Kijana mmoja aliyekuwa na haraka aliambiwa na mzee wetu, "Mwanangu, liache, litajiinua lenyewe jua likitoka," na matawi mengi yalijiinua.

Kwenye thuja hizohizo tumeanza kuona rangi ya kahawia upande wa kusini-magharibi. Jua la Machi huyapasha moto majani, majani hupoteza maji, na mizizi iliyo katika udongo ulioganda haiwezi kuyarudisha. Sehemu ya chini iliyokuwa ndani ya theluji imebaki kijani, na mpaka kati ya rangi hizo mbili umenyooka mno, ukionyesha theluji ilifika wapi siku ambazo jua lilikuwa kali.

Kando ya barabara hali ni nyingine. Theluji inayosukumwa na magari ya jiji imebeba chumvi ya kuyeyushia barafu, na inapoyeyuka juu ya majani na mizizi huikausha mimea na kuuharibu muundo wa udongo. Theluji hiyo isitumike matutani hata kidogo, na jambo hili tumelirudia kwa kila familia.

Aprili

Ardhi imefunguka, nasi tumeikagua mimea. Katika tuta la pili stroberi nyingi zimekufa. Shingo zake zikikatwa kwa kisu zina rangi ya kahawia ndani, badala ya weupe wa mmea ulio hai. Heukera karibu zote zilinyanyuka, na zile chache zilizorudishwa udongoni Januari kwa kufunikwa mboji ndizo zinazotoa majani. Tuta la kwanza lina hasara ya wastani, na sehemu iliyokuwa chini ya ile barafu ya Desemba ndiyo iliyoumia zaidi. Matuta ya tatu na ya nne yamepona vizuri, la tatu likiwa mbele kidogo. Vitunguu saumu vimeota kwenye matuta yote manne, hata kwenye lile lililokwanguliwa, jambo linaloonyesha ugumu wa mmea huo na kina ulichopandwa. Kuhusu vitunguu saumu, basi, mradi huu hautuambii mengi.

Nyuma ya uzio wa tuta la nne, ambako theluji ilichelewa kuyeyuka, nyasi zimetoka na madoa ya mviringo yenye utando wa kijivu. Huu ni ukungu wa theluji, unaosababishwa na kuvu wa jamii ya Typhula, ambao hukua katika giza lenye unyevu na joto la karibu na sifuri na huhitaji takriban siku 60 za kufunikwa mfululizo. Kuvu mwingine, Microdochium nivale, huacha madoa ya rangi ya waridi na hauhitaji hata theluji yenyewe, bali ubaridi na unyevu tu. Theluji inayoangukia ardhi ambayo bado haijaganda ndiyo inayoupendeza ukungu huu zaidi. Tumezichana nyasi kwa reki nyepesi ili zipate hewa, na machipukizi mapya yameanza kuonekana. Vuli ijayo zitakatwa fupi zaidi kabla ya theluji.

Anayedhani kwamba theluji ni neema kwa kila mkulima na aangalie Tokachi, mashariki mwa Hokkaido, nchini Japani. Huko theluji nene imekuwa ikija mapema zaidi kuliko ilivyokuwa miongo iliyopita, udongo haugandi tena kwa kina, na viazi vidogo vinavyosahaulika shambani baada ya mavuno, ambavyo zamani viliuawa na baridi, sasa hupona na kuchipua kama magugu ndani ya mazao yanayofuata, vikibeba magonjwa. Wakulima wa huko huisukuma theluji kwa trekta katikati ya majira ya baridi, mistari kwa mistari, ili baridi ishuke hadi karibu sentimita 30 na kuviua viazi, kisha udongo ufunikwe tena usigande kupita kiasi. Ni kazi ileile ya beleshi katika tuta letu la pili, ikifanywa kwa makusudi na kwa vipimo, na nimeisoma kwa heshima kubwa.

Mei, wiki ya kwanza

Vichaka vya forsithia vya nyumba ya jirani vimetoa maua ya njano kuanzia chini hadi usawa wa goti, na juu ya hapo ni matawi matupu yanayoanza kutoa majani. Vitumba vya maua vya forsithia za kawaida hufa baridi inapokaribia nyuzi 25 chini ya sifuri, hivyo vile tu vilivyokuwa ndani ya theluji vimechanua. Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa mwaka 1983 aina iitwayo Northern Sun, ambayo vitumba vyake huistahimili baridi ya hapa vikiwa juu ya theluji, na jirani ameombwa aifikirie pale atakapopanda tena.

Maazimio ya msimu ujao yamekubaliwa na wanabustani wote. Matuta yote ya stroberi yatawekewa matandazo ya mabua udongo ukifika nyuzi 4, bila kuisubiri theluji, kwa kuwa theluji ya Desemba haiaminiki tena. Juu ya hayo, uzio wa matawi na mabua ya mahindi vitainasa theluji itakayokuja. Mfereji mdogo utachimbwa kando ya tuta la kwanza ili mvua ya majira ya baridi isisimame na kuwa barafu. Heukera zitahamishiwa kwenye kivuli cha ukuta wa kaskazini, mahali ambapo theluji hukaa muda mrefu zaidi na jua la Februari haliyeyushi ardhi. Tuta la pili litaendelea kukwanguliwa, likiwa na stroberi mpya za aina mbili tofauti, na vipimajoto vya ziada vitafukiwa sentimita 10 na 20 chini ili tuone baridi inashuka kwa mwendo gani.